Datsun 240Z ya mwaka 72: nijenge L24 yake, nichukue L28 ya Patrol au nifunge 2JZ?

KijanaWaNgarenaro (Arusha)

Habari za humu wakuu, poleni na majukumu. Naomba mnisaidie mawazo maana nimeshaongea na mafundi watatu na kila mmoja kanipa jibu lake, sasa hivi kichwa kinaniuma kuliko nilivyoanza.

Nimeachiwa gari na baba mdogo, Datsun 240Z ya 1972, ilikaa bandani kwake karibu miaka 9 imefunikwa turubai, kuku wanalala juu. Bodi sio mbaya, kutu ipo pale betri inapokaa na kwenye sakafu upande wa abiria, hiyo nimeshaanza kushughulika nayo. Shida ni injini. Iko na L24 yake ya kuzaliwa nayo, namba inafanana na iliyo kwenye kadi, kabureta mbili zile za duara. Nilisafisha tenki na kabureta nikaweka betri mpya, ikawaka, ila inamisi, inatoa moshi mweupe asubuhi na maji yanapungua kwenye rejeta huku chini huoni hata tone. Baba mdogo mwenyewe kakiri kwamba kabla hajaipaki ilimchemshia mara mbili njia ya Makuyuni na akaendelea nayo hivyohivyo.

Fundi wa kwanza kasema hiyo imekufa, tupa, funga injini ya Toyota uwe na amani. Wa pili anataka ovaholi kamili na pistoni za kuagiza. Wa tatu ana L28 aliyoitoa kwenye Patrol la zamani anasema inaingia bila kukata kitu, anataka milioni 2 na laki 3.

Matumizi yangu ni Jumapili Arusha-Moshi na kurudi, mara mbili kwa mwaka nashuka Tanga ukweni. Sishindani na mtu, ila nikikanyaga nataka nisikie kitu. Kwa injini tu nimetenga milioni 8. Nawasilisha.

TaboMbeya

Mkuu usijichoshe, 2JZ ya Toyota tu hapo. Au 1JZ ya tabo kama mfuko haujanenepa. Hizi injini ziko mjini, fundi wa kuzifungua na kuzifunga unampata hata saa 4 usiku, spea ziko kila duka. L24 ni injini ya babu zetu, hospawa 151 na hizo zenyewe ni kipimo cha Wamarekani cha zamani walichokuwa wanapima injini mezani haina ekzosi ya gari wala vikorokoro vingine, kwenye gari ni pungufu. 1JZ ya tabo ina 280 kwenye karatasi na haijui kuchoka.

Halafu kitu ambacho watu wa Dar hawakijui, sisi huku juu hewa ni nyepesi. Mimi niko mita 1,700, injini isiyo na tabo hapa inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu kabla hata hujaingiza gia ya kwanza. Wewe Arusha uko kama 1,400, toa asilimia 12 hivi. Tabo inaijazia hiyo hewa. Fikiria hilo.

Fundi Mstaafu (Moshi)

Kijana, hongera kwa kuachiwa gari hilo. Nimeshika spana tangu 1978 na Datsun ndiyo zilinisomeshea watoto, 120Y, 160J, 180B, mpaka nikaota vidole vyeusi. Nitaandika kirefu mnivumilie.

Kwanza jua ulicho nacho. L24 ni silinda 6 kwenye mstari, bloki ya chuma, hedi ya aluminiamu, kemshafti moja juu inayoendeshwa na cheni. Kipenyo cha silinda milimita 83, mwendo wa pistoni 73.7, ndiyo unapata sisi (cc) 2,393. Ni ukoo mmoja na L16 ya 160J na L20B ya pikapu, wao wana silinda 4 wewe 6, kwa hiyo fundi yeyote mzee aliyewahi kurekebisha valvu za 160J anaijua yako hata kama hajawahi kuiona. Gari la aina hii ndilo lililochukua Safari Rally ya 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na 1973 akachukua Shekhar Mehta, na mwaka huo Mehta alilingana pointi na Datsun nyingine ya Källström ikabidi waamuliwe kwa kanuni ya kuvunja sare. Injini iliyovumilia matope na mavumbi ya barabara zetu siku nne usiambiwe ni takataka kwa sababu inamisi asubuhi.

Pili hiyo L28 ya Patrol. Huyo fundi wa tatu hajakudanganya. L28 ni kipenyo 86 kwa mwendo 79, sisi 2,753, kwa nje ni mapacha, mikono ya injini inakaa palepale, giaboksi yako inashika. Lakini ya Patrol ilijengwa kuvuta mzigo, kompresheni yake iko chini na kabureta ni moja. Ukiifunga kama ilivyotoka utapata gari linalovuta vizuri kutoka chini halafu juu linakata pumzi, utashangaa mbona la baba mdogo lilikuwa linaimba na hili linaguna. Kwa hiyo unaihamishia kabureta zako mbili na menifoldi yako, sampu yako na mdomo wake wa kunyonya oili maana sampu ya Patrol imetengenezwa kukwepa eksili ya mbele, na kemshafti unachagua. Hapo kwenye hedi ndipo watu wanapoharibu. Wanasikia hedi ya 240Z ya mwanzo iliyoandikwa E31 ina chumba kidogo basi wanaibandika juu ya L28 yenye pistoni bapa, uwiano wa kompresheni unaruka zaidi ya 10 kwa 1 na petroli yetu haikubali.

Tatu, na hii ndiyo ilitakiwa iwe ya kwanza. Hakuna hata mmoja wa hao mafundi watatu aliyepima kompresheni. Wamesikiliza kwa sikio tu. Nunua au azima geji, washa injini mpaka ipate moto wake, izime, toa plagi zote 6, mtu akanyage mafuta mpaka mwisho, piga stata, andika silinda kwa silinda. Halafu mimina kijiko cha oili kwenye zilizo chini upime tena. Leta namba hapa ndipo tuongee habari ya kujenga.

Usitegemee namba za kitabu zilivyo. Huko juu geji nayo inasoma chini kwa sababu hewa inayoingia ni kidogo. Unachotafuta ni zilingane.

Na wewe wa tabo, hoja yako ya hewa ni ya kweli, sikatai.

DatoNairobi

Maze hiyo gari ni noma, pole kwa kuku lakini. Wacha nikuambie yangu ndio usirudie.

Mimi niko na 260Z na nilipatwa na ule ugonjwa wa stroka. Kama hujui ni hivi, kuna injini ya dizeli ya Nissan inaitwa LD28, kranki yake iko na mwendo wa 83 badala ya 79 na inaingia kwenye bloki ya L28 ya petroli. Ukiboa silinda zikafika 89 unapata sisi 3,098, watu wanaiita 3.1. Kwa simu inakaa rahisi kabisa. Sasa enda utafute hiyo kranki. Nilizunguka Kirinyaga Road mpaka wale jamaa wakanijua jina, kila mtu anakuletea ya RD28 anakwambia ni sawa tu mkubwa, na sio hiyo. Nilikaa miezi 14 gari ikiwa juu ya mawe. Nikapata. Bloki kuboa hadi 89 nayo sio mchezo, ukuta wa silinda unabaki mwembamba, lazima upime unene kabla ama utoboe kwa maji, na mimi bloki ya kwanza ilikataa ikabidi nitafute ingine. Pistoni za kuagiza, gasketi ya kuagiza, kabureta tatu za Weber za milimita 40. Usiniulize pesa, bibi yangu anasomanga hii mitandao.

Ikawaka. Aki ya nani ile sauti! Nairobi ilikuwa inatembea vizuri sana, kompresheni 10.8, haigongi, nikajiona mjanja. Desemba nikashuka nayo Mombasa. Kupita Mtito Andei nikianza kusikia ikigonga kwa mlima mdogo tu, tiki tiki tiki kama mtu anatikisa misumari kwa mkebe. Nikafika Voi ni mbaya zaidi. Sababu ni ileile ya Mbeya lakini umeigeuza, juu silinda haijai hewa kwa hiyo ile kompresheni kubwa huisikii, ukishuka baharini hewa inajaa kabisa na joto liko, petroli ile ile inashindwa. Nilirudisha taiming ya cheche nyuma hapo kando ya barabara nikafika Mombasa kwa kilomita 70 kama lori la makaa. Na jeti za Weber nazo ni za kubadilisha, nilikuwa nimezipanga za Nairobi, chini zikawa zinapitisha mafuta haba, na haba ukiongeza na kugonga ni pistoni inatoboka hivyo tu.

Kwa hiyo wewe wa Arusha unayesema unashuka Tanga, sikia mimi. Jenga injini ya Tanga. Arusha itapungukiwa kidogo lakini hautalala njiani. Kompresheni 9 au hapo karibu, na zile kabureta zako za duara, za SU, usizitoe, ukipanda unazungusha nati ya chini kidogo, ukishuka unairudisha, umemaliza.

TaboMbeya

Kwa hiyo miezi 14 na bloki mbili ili usiweze kwenda Mombasa. Mimi 1JZ ningeifunga wiki 3.

DatoNairobi

Ungeifunga wiki 3 halafu miaka 3 unatafuta kwa nini temprecha inapanda 😂 lakini sawa, hapo umenipata.

MamaKabureta (Tanga)

Hodi jamani. Mume wangu alikuwa na 240Z mpaka 2011 na mimi ndiye nilikuwa naiendesha zaidi kuliko yeye, kwa hiyo nina la kusema.

Kuhusu kubadilisha ukoo wa injini, watu wanahesabu bei ya injini tu. 2JZ ukishainunua unahitaji mikono ya kuchomelea, propela ya kukata, waya zote upya, pampu ya mafuta ya umeme na tenki la kukubali pampu hiyo, rejeta kubwa. Halafu nguvu ikishaongezeka mara mbili, difu ile ndogo ya 240Z itakuuliza. Breki za nyuma ni ngoma! Gari zima lina tani moja na kidogo. Unakuwa hujajenga injini umejenga gari jingine lililovaa ngozi ya Datsun. Mwenye hela na afanye, sina ugomvi, ila kwa milioni 8 mdogo wangu hutafika hata kwenye rejeta. Na kadi ya gari ina namba ya injini, ukibadilisha ukaiandikishe, siku ya kuuza mtu anayejua Z ataangalia hiyo namba kabla hajaangalia rangi. Hata ukichukua L28, ya kuzaliwa ipake oili uifunge nailoni uiweke stoo.

La pili joto la huku. Kabureta zile zimekaa juu ya ekzosi, upande mmoja. Ukitembea mjini Tanga saa 8 mchana ukazima, mafuta yanachemka ndani ya kabureta, ukija kuwasha inagoma kama punda. Weka kinga joto ya bati kati ya kabureta na ekzosi, zilikuja nayo ila mafundi wanaitoa kwa sababu inawazuia spana. Na zile kabureta zina vikombe juu vya kuwekwa oili nyepesi kidogo, mafundi wa siku hizi hawajui, ikikauka gari linakohoa ukikanyaga ghafla na watakuuzia kila kitu mpaka koili.

KijanaWaNgarenaro

Asanteni sana wote, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Shikamoo Mzee Fundi, shikamoo Mama.

Nimeazima geji leo. Injini ya moto, plagi zote nje, betri imechajiwa. Kwa psi, silinda ya 1 ni 148, ya 2 ni 150, ya 3 ni 92, ya 4 ni 88, ya 5 ni 145, ya 6 ni 150. Nikaweka oili ya 3 na ya 4, ya 3 ikapanda ikawa 95, ya 4 haikusogea. Plagi ya 4 ilikuwa safi kama imeoshwa, hizo nyingine ni za rangi ya kahawia.

Fundi Mstaafu

Marahaba. Hujambo gasketi 😀

Mbili zilizopakana ziko chini pamoja na oili haijazipandisha, maana yake sio ringi. Hewa inapita kutoka ya 3 kwenda ya 4 katikati ya gasketi ya hedi. Plagi ya 4 imesafishwa na mvuke wa maji, ndiyo moshi wako mweupe na ndiko maji yanakokwenda. Silinda nne nyingine zimelingana vizuri kwa injini ya umri wako wewe mara mbili. Hizo namba kwa Arusha nazipenda.

Fungua hedi. Lakini kabla hujagusa boliti ya gia ya kemshafti soma hapa mara mbili. Chonga kabari ya mti, ndefu, uifunge kamba usiipoteze, uishindilie katikati ya cheni kutokea juu ili ikae imekaza pande zote. Usipofanya hivyo cheni inalegea, kikazio kinaruka nje kule chini, na hutakirudisha mpaka ufungue kava yote ya mbele na sampu. Nimeona vijana wanalia kwa ajili hiyo. Weka alama kwenye cheni na gia. Legeza boliti za hedi kidogo kidogo kuanzia nje kuja ndani, injini ikiwa baridi kabisa. Zile nguzo zinazoshikilia kemshafti USIZIGUSE, zilipangwa kiwandani, ukizilegeza kemshafti haitazunguka kwa mkono tena.

Hedi iweke rula ya chuma upitishe filagegi, vile vibati vya kupimia uwazi. Ikizidi milimita 0.1 peleka kupasuliwa uso, yaani kusawazishwa kwa mashine. Bloki nayo pima, na vipenyo vya silinda juu na chini, mwombe jamaa wa mashine akupimie.

DatoNairobi

Na uangalie siti za valvu ukiwa hapo. Hii gari ilizaliwa wakati wa petroli ya risasi, huku kwetu risasi iliisha 2006, kama imetembea sana baada ya hapo za ekzosi zinaweza kuwa zimedidimia. Ukipata jamaa mzuri anaweka siti ngumu mara moja unasahau.

KijanaWaNgarenaro

Wakuu nimerudi, samahani wiki 2 sikuwepo. Kabari nilichonga ya mninga, imefungwa na kamba ya katani, mke wangu kaipiga picha.

Hedi imefunguka. Gasketi imeungua kati ya 3 na 4 upana wa kidole, nyeusi kabisa, mtoto mdogo angeiona. Hedi imepinda 0.15 katikati. Siti za ekzosi mbili zimedidimia, jamaa wa mashine kasema ataweka mpya zote 6. Silinda zimepimwa: kubwa kuliko zote ni 83.07, alama za kusaga za kiwandani bado zinaonekana kwenye tano kati ya sita. Kapasua uso wa hedi 0.2.

Maswali mawili. Kupasua 0.2 kutavuruga taiming? Na je, kwa kuwa hela imebaki nyingi, niichukue ile L28 ya Patrol niijenge taratibu pembeni?

Fundi Mstaafu

Hedi ikishuka, cheni inakuwa kama imeongezeka urefu kidogo, kemshafti inachelewa. Gia ya kemshafti ina matundu matatu yenye namba 1, 2 na 3. Ukifunga angalia ile alama ya nyuma ya gia na kile kibati chake, ikionyesha imechelewa hamia tundu linalofuata. Kwa 0.2 huenda hata lisihitajike. Rekebisha valvu injini ikiwa ya moto, za kuingizia 0.25 na za ekzosi 0.30. Oili weka 15W-40 ile ya dizeli, kemshafti hizi zinasuguana na vidole vyake na oili za kisasa nyepesi zinazila.

Silinda ya 83.07 ni nzima. Ringi mpya, sugua ukuta, beringi za kranki, cheni na vikazio vyake, funga. Pistoni za kuagiza achana nazo. Rejeta ipeleke ikafunguliwe kabisa izibuliwe maana ndiyo iliyoua gasketi, ukiirudisha ilivyo tutaonana hapahapa mwakani.

L28 ichukue. Sio kwa sababu unaihitaji. Ni kwa sababu zinaisha, na milioni 2 na laki 3 mwambie milioni 1 na nusu, mpime nayo kompresheni kabla hujatoa hata mia. Uikalishe kwenye stendi, wakati unaendesha hii uamue kwa starehe kama bado unataka zaidi.

MamaKabureta

Na kinga joto?

KijanaWaNgarenaro

Haikuwepo Mama. Nimechonga ya bati kwa kutumia picha, bado kupaka rangi.

L28 nimeipima leo. Tano ziko kati ya 125 na 130, ya 6 ni 60. Jamaa kashuka mwenyewe mpaka laki 9 bila mimi kufungua mdomo.

TaboMbeya

Laki 9 chukua fasta. Ila mkuu ukishachoka na hivyo vikombe vya oili namba yangu unayo, nina 1JZ bado ina nailoni yake.